Neno Refu Kando ya Jina la Milka

Alhamisi ndiyo siku aliyoichukia Joram Obonyo kuliko siku zote, maana Alhamisi ndiyo siku watu wa Kisumu na vijiji vya ziwani walipomjia kusema uongo juu ya maiti wao. Mazishi ni Jumamosi, mwili hutoka mochari Ijumaa, basi programu ya mazishi sharti iwe imechapwa kabla jua la Alhamisi halijatua. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeshajipanga mbele ya kibanda chake cha mabati, ukingoni mwa soko la Kibuye, na kila mtu ameshika picha ya marehemu pamoja na karatasi iliyojaa mambo ambayo hayakutokea.

Kazi yake ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu kwa Kiingereza. Alikuwa na kompyuta moja na printa mbili, na watu walimwita Dikshonari. Sifa zake zilikuwa zimefika Muhoroni na Port Victoria: ukitaka mtu wako azikwe kwa Kiingereza kizito, mpelekee Joram. Na watu wa huku, Mungu awasamehe, wanakipenda Kiingereza kizito. Unaweza kumzika baba yako kwa jeneza la mbao hafifu na chai isiyo na maziwa, watu wakakusamehe. Lakini programu yenye maneno mepesi itasengenywa mpaka mazishi ya mwaka ujao. Watu huzitunza zile karatasi kabatini, huzitoa wageni wakija, huzilinganisha. Neno likiwa refu, marehemu alikuwa mkubwa. Ndivyo wanavyopima.

Wiki moja kabla ya haya ninayoyasimulia, walikuja ndugu watatu waliofiwa na mama. Joram alimjua huyo mama. Alikuwa amelala miaka miwili katika chumba kimoja huko Nyalenda, mgongo umechunika kwa kulala upande mmoja, godoro linanuka mkojo mpaka barabarani, na hao watatu wakipita na magari yao kwenda arusi. Sasa walimtaka aandikwe neno litakalowatoa watu machozi. Joram akawapa "matriarch". Matri ni mama, arch ni mtawala. Yule binti mkubwa alilisoma kwa sauti mara mbili, akajifuta jicho lililokuwa kavu kama jiwe. Joram alikwenda nyuma ya kibanda akatema mate, kisha akarudi, akauliza wanataka nakala ngapi.

Hapo ndipo ilipokuwa shida ya Joram: kinyaa alikisikia, na kazi aliifanya. Mkewe Achola alimwambia siku moja, wakila, kwamba kazi yake ni kuvisha wafu kilemba cha ukoka. Akamwonya kuwa siku atakapokufa yeye asimguse kwa Kiingereza chake. Aandike tu kwamba alilima, alipika, amekufa. Joram alicheka, lakini ugali ulimshinda.

Hakuzaliwa na Kiingereza hicho. Baba yake alikuwa mkata miwa Muhoroni, na Joram aliacha shule darasa la saba, akashuka Kisumu kutengeneza baiskeli pale Kondele, enzi zile mji mzima ulibebwa kwenye keria. Akawa fundi hodari. Karatasi za kufutia grisi alizinunua Kibuye kwa kilo, vitabu vilivyochanika majalada, na siku moja alipokuwa akifuta mnyororo jicho lake likaangukia mstari mmoja: bi ni mbili, cycle ni mduara. Akasimama na karatasi mkononi. Miaka sita alikuwa akitengeneza miduara miwili asijue.

Kitabu kile kilikuwa cha maneno, kimepangwa kwa vipande: kipande kinachotangulia mbele, shina la katikati, na kipande kinachofuata nyuma. Kurasa za mwanzo alikuwa ameshazipaka grisi na kuzitupa, ndiyo maana hata leo vipande vya mbele vinavyoanza na herufi A humpiga chenga. Zilizobaki alizisoma mpaka zikaoza. Aliona maneno ya Wazungu hayana siri. Yameundwa kama baiskeli: gurudumu la mbele, fremu, keria. Ukijua vipuri mia mbili, unaweza kuunda maneno elfu tano na kuyabomoa utakavyo. "Un" mbele hukataa. "Able" nyuma humaanisha yawezekana. "Phil" ni kupenda, "anthrop" ni binadamu, weka "ist" nyuma, umepata mtu apendaye binadamu. Neno hilo amewapa wanaume wasiopungua arobaini, na kati yao labda wawili waliwahi kumpa jirani chumvi.

Pikipiki zilipoingia, baiskeli zikafa, na Joram akahamia kwenye maiti. Nisimwonee: alikipenda kipaji chake. Mteja alipomletea ombi gumu, mikono yake iliwasha kama zamani alipoletewa baiskeli ambayo mafundi wengine wameshindwa nayo. Kinyaa kilikuja baadaye, kazi ikiwa imekwisha.

Alhamisi ninayoisema, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanamume aitwaye Mark, mwenye duka la simenti, viatu vinang'aa na mdomo unanuka pilipili ya nyama choma asubuhi yote hiyo. Kaka yake, mzee Fabian wa Asembo Bay, alikuwa amefariki. Joram alipitia rasimu. Ilikuwa ya kawaida: amezaliwa, amesoma, amenunua mitumbwi, amempenda Mungu. Ikataja mke wake wa kwanza, marehemu Debra Ajwang', na wana wao wawili walioko Nairobi. Chini kabisa palikuwa na jina Milka, na mbele yake nafasi tupu.

Mark alishusha sauti, akaeleza kwa Dholuo, lugha yao, kwamba huyo mama ni wa Port Victoria, si mtu wa kwao. Alikuja miaka tisa iliyopita akinunua omena, dagaa wa ziwani, akabaki. Miaka minne ya mwisho mzee alipooza, na huyo mama ndiye alikuwa naye. Sasa ukoo ulitaka kumpa neno lake katika wasifu, la heshima, refu, ili alisikie afurahi. Ila lisiwe "wife".

Joram hakuuliza kwa nini. Ndilo jambo atakalolijutia mpaka kaburini. Akili yake ilikuwa imeshakimbilia kwenye vipuri. Co ni pamoja, habit ni kukaa, ant ni mwenye kutenda. Akaandika "cohabitant". Likaonekana uchi kidogo, akalivika jingine mbele, "indefatigable", neno alilolipenda kama mtoto wake mwenyewe. In hukataa, de hukoleza, fatig ni uchovu, able ni yawezekana: mtu asiyechosheka. Alipomaliza aliegemea kiti akalitazama, na ukweli ni kwamba alifurahi.

Mark alitaka abomolewe yote mawili kipande kwa kipande. Alipoelewa, alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kujifuta macho.

"Omera, ndugu yangu," alisema, "hii hataifungua hata na shoka."

Kisha, kwa kuwa furaha humlegeza mtu ulimi, akaeleza mengine. Marehemu alikuwa na kiwanja ufukweni, pale pale mitumbwi inapotia nanga. Baada ya mazishi wangekwenda kwa chifu kuchukua barua ya warithi, na chifu angeuliza marehemu ameacha nani. Huko kwao, kilichosomwa mbele ya jeneza bila mtu kukipinga kimekwisha, hakina kesi. Wasifu ungesomwa, Milka angesikia jina lake na Kiingereza chake kirefu, angetikisa kichwa kwa adabu. Angekuwa amejitoa mwenyewe mbele ya ukoo, kanisa na chifu. Baada ya hapo wangempa nauli ya kurudi kwao.

Joram alimtazama Mark, lile jino la dhahabu, yale mate yaliyoganda pembeni mwa mdomo, akaona kama ameshikwa shati na kitu kilichooza. Angeweza kumrudishia karatasi yake pale pale. Foleni ilikuwa ndefu, ni kweli, na Mark ana jamaa wengi, ni kweli pia. Lakini hayo ni maneno ya kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Joram alichapa nakala mia mbili kwa sababu neno lilikuwa zuri na alitaka lisomwe.

Saa nane mchana mwanamke mmoja alisimama mlangoni. Alikuwa mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, mikono imepasuka kwa chumvi na jua la kuanikia omena. Begani alikuwa na suti ya kiume iliyopigwa pasi vizuri, anaipeleka mochari. Alisalimu, akasema shemeji yake amekwenda kuona jeneza, na yeye ametumwa boksi la programu za Fabian. Alizungumza Kiswahili, maana yeye ni Mnyala, wa kabila jingine, na Dholuo chake kilikuwa cha kuombea maji tu. Joram alijua ni nani kabla hajataja jina.

Alimpa boksi akitumaini ataondoka. Hakuondoka. Aliomba kukaa kwenye benchi, akafungua boksi, akatoa programu moja. Picha ya mzee ilimshika kwa muda, akaipitishia kidole. Kisha akafungua ndani, akaanza kutafuta, midomo ikicheza. Alikuwa amefika darasa la nne. Jina lake aliweza kulisoma.

"Mzee, hii ndefu hapa mbele ya Milka ni yangu?"

Joram alikubali kwa kichwa.

"Ya marehemu Debra ni kafupi." Alipima kwa vidole viwili, neno la mke mwenzake na lake. "Kumbe shemeji ananiheshimu. Na mimi nilikuwa namfikiria vibaya."

Joram aligeukia kompyuta akajifanya ana kazi. Hakuna uoza uliowahi kupita kibandani pale uliomchefua kama uso wa yule mwanamke akitabasamu. Milka aliendelea kuzungumza nyuma yake, kwa upole, kama mtu aliyepata wa kumsikiliza baada ya siku nyingi. Alisema watu wa boma walikuwa wakiziba pua wakiingia chumbani kwa Fabian. Alisema wana wa mzee walipokuja kutoka Nairobi walisimama mlangoni. Yeye alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko na ukitoka alimpa tena, kila siku kwa miaka minne, na hakusikia kinyaa hata siku moja. Basi kama wameona hayo wakampa neno refu, Mungu ni mwema. Alitaka tu afundishwe kulitamka, kwa sababu ndugu yake anakuja kutoka Port Victoria na atamuuliza linasema nini.

"Wameniambia wewe unajua kufungua maneno," alisema. "Nifungulie."

Joram alianza na lile zuri, kama mwoga yeyote. Alisogea kwenye benchi, akaweka ncha ya kalamu juu ya kila kipande, akamweleza la kukataa, la kukoleza, la uchovu, na la kuwezekana. Mtu asiyechosheka. Milka alilirudia mara tatu, akacheka kidogo, akasema hilo ni kweli, hapo hawajadanganya. Kisha akaweka kidole chake kwenye neno linalofuata na kungoja.

"Co ni pamoja," alisema Joram. "Habit ni kukaa. Ant ni mtu anayefanya hiyo kitu."

"Kwa hivyo?"

"Mtu aliyekaa pamoja naye."

"Endelea."

"Imeisha, mama."

Milka hakuondoa kidole. Nje mwuza viazi alikuwa akigombana na mtu wa mkokoteni, na kwenye foleni mtu alikohoa.

"Baba yangu alipokea ng'ombe mbili," alisema. "Fabian alileta mwenyewe, kabla agonjeke, na ndugu yangu ndiye alishika kamba. Hizo ng'ombe ziko kipande gani hapa?"

Joram aliiondoa kalamu juu ya karatasi.

"Kukaa pamoja. Hata paka alikaa pamoja na sisi." Akamtazama. "Nani alitafuta hii neno?"

Hapa Joram angeweza kumtaja Mark, na isingekuwa uongo mtupu. Alifungua kinywa kwa nia hiyo. Kilichotoka ni kingine, na sijui kama ni kwa sifa yake au kwa uchovu tu.

"Ni mimi," alisema.

Akaanza kueleza haraka haraka: kiwanja, barua ya chifu, mambo ya kusomwa mbele ya jeneza. Alisema karatasi ipo, wino upo, atachapa upya zote mia mbili sasa hivi, foleni ingoje. Alikuwa ameshainuka kwenda kwenye kompyuta.

"Acha," alisema Milka. "Hiyo mashine yako imenidanganya mara moja. Nipe kalamu."

Alimpa. Milka aliikunja suti ya marehemu vizuri, akaiweka kando, akalivuta boksi katikati ya miguu. Alitazama mstari wa Debra, akazinakili zile herufi nne kwanza kwenye kiganja chake, mpaka akaridhika na umbo lake. Kisha akachukua programu ya kwanza, akakata maneno yale mawili marefu kwa mistari miwili, na juu yake akaandika "wife". Herufi zilipanda na kushuka. Akachukua ya pili.

Foleni ilinung'unika, kisha ikauliza, na ilipoelewa ikanyamaza. Mama mmoja aliyekuja kumwandikia mumewe alitoka kwenye nafasi yake, akakaa upande wa pili wa boksi, akawa anafungua kurasa na kumpa Milka zikiwa tayari. Ilipofika ya hamsini hivi Joram alichukua kalamu nyingine, akainama ili asaidie. Milka aliisogeza karatasi mbali naye bila kuinua macho.

"Wewe umeshaandika yako," alisema.

Basi Joram alisimama kando, katika kibanda chake mwenyewe, akamtazama mwanamke wa darasa la nne akiandika neno moja mara mia mbili. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia alipomaliza. Aliomba maji ya kunawa wino, akachukua suti, akajitwika boksi, akaenda. Usiku ule alililaza nyumbani kwa akina mama wa kanisa lake, na Mark aliambiwa tu kwamba programu ziko salama.

Joram hakuwa na desturi ya kwenda kwenye mazishi ya wateja. Jumamosi ile alikwenda Asembo Bay. Achola alimuuliza anakwenda kufanya nini, na hakuwa na jibu. Alikuta turubai zimejaa, spika zinaunguruma, na akina mama wa kanisa wamesimama langoni wakigawa programu. Kila aliyepokea alifungua, akaona maneno yaliyokatwa, akalisogeza lile lililoandikwa kwa mkono karibu na macho. Mark alikuwa mstari wa mbele, shingo imemvimba ndani ya tai.

Wasifu ulisomwa na mwalimu wa Sunday school. Alisoma maisha ya Fabian, mitumbwi yake, imani yake, alimsoma Debra na wanawe. Alipofika kwenye mwandiko wa kalamu alisita, akavuta pumzi, akasoma: Milka, wife. Kisha mwenye kuongoza shughuli aliuliza kwa Dholuo, kama ilivyo ada, ikiwa ukoo una neno la kuongeza au la kupunguza.

Mark alisimama. Joram alimwona akitafuta pa kuanzia, na hapo ndipo alipoelewa kazi aliyokuwa amemfanyia. Lile neno refu lilikuwa limembebea Mark kitu ambacho kinywa chake hakingethubutu kukibeba. Kwa Dholuo angelazimika kusema mbele ya jeneza la kaka yake kwamba zile ng'ombe hazikwenda Port Victoria, na ndugu yake Milka, aliyeshika kamba yao, alikuwa ameketi hatua tano kutoka pale, mikono juu ya magoti, akimtazama. Mark alisafisha koo. Aliwashukuru watu kwa kufika, akasema chakula kipo, akaketi.

Hakuna aliyepiga makofi. Ibada iliendelea. Jamaa mmoja aliyekaa karibu na Joram alimgusa bega, akanong'ona kwamba mama yake ni mahututi, hatavuka mwezi, na kwamba yeye angependa Kiingereza kikubwa, kikubwa zaidi ya hiki cha leo. Joram alimwangalia, akahisi yale mate ya nyuma ya kibanda yakijaa mdomoni. Aliyameza.

Udongo ulipokwisha kutiwa, watu walipanga mstari kumpa mkono mjane. Milka alikuwa ameketi kando ya kaburi, kwenye kiti cha mke, wino bado umeshika kwenye mistari ya kiganja chake. Joram naye aliingia kwenye mstari. Mbele yake alikuwa mzee wa kanisa. Milka alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kuja. Joram akasogea, akanyoosha mkono wake, akasema pole mama. Milka alimtazama usoni, si kwa hasira, akamtambua vizuri, kisha akanyoosha mkono pembeni yake na kumsalimu mwanamke aliyefuata nyuma, akamuuliza kama amepata kiti na kama amekula. Mkono wa Joram ulibaki hewani, nao ulikuwa safi, hauna hata doa la grisi. Aliurudisha mfukoni, akatoka kwenye mstari kupisha watu.